Chukueni na Damu ya Mgonjwa

Juzi daktari mmoja hapa Kisumu alinionyesha ripoti ya jeni ya mgonjwa wa saratani ya umio. Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara ya ng'ambo, damu haikupelekwa. Ripoti ikarudi na orodha ndefu ya vibadala, yaani mahali ambapo herufi za DNA zinatofautiana na za kawaida, na maandishi mazito: mzigo wa mabadiliko, yaani hesabu ya mabadiliko ya DNA ya uvimbe wenyewe, uko juu. Nimeudhika hadi leo.

Kila mmoja wetu amezaliwa na vibadala milioni 4 hadi 5 ukilinganisha na jenomu ya rejea, yaani DNA kamili inayotumiwa kama kipimo, na Waafrika tunavyo vingi kuliko wengine. Karibu vyote vimo ndani ya uvimbe pia. Ukiwa na damu ya mgonjwa, unaondoa vya kurithi na kubaki na vya saratani. Usipokuwa nayo unategemea hifadhidata kama gnomAD, inayokusanya vibadala vya watu wengi duniani: kibadala kinachoonekana humo kwa zaidi ya asilimia 1, au 0.1 kwa walio wakali, kinatupwa. Kisichojulikana huko kinabaki, kinahesabiwa kuwa cha uvimbe.

Sasa, nani anajulikana huko? Toleo la 4 la gnomAD, la mwaka 2023, lina watu 807,162, wengi mno wao wa asili ya Ulaya. Katika kundi la Afrika wamejaa Wamarekani weusi, ambao mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi. Mjaluo wa Bondo yuko wapi? Mnandi wa Kapsabet je? Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jeni za Waafrika, walichapisha jenomu za watu 426 kutoka jamii 50 za bara hili, wakakuta vibadala vipya zaidi ya milioni 3. Watu 426 tu! Basi fikiria ni vingapi vya kwetu vinavyopenya chujio hilo kila siku na kuitwa saratani.

Na hesabu hiyo ina bei. Tangu Juni 2020 Marekani imeidhinisha pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kwa uvimbe wenye mabadiliko 10 au zaidi kwa kila megabesi, yaani kila herufi milioni moja za DNA. Familia itauza ng'ombe, kisha shamba, kufuata dawa iliyopendekezwa kwa sababu ya vibadala ambavyo mgonjwa alirithi kwa nyanya yake. Hilo linaniuma kuliko yote.

Najua, kusoma DNA mara mbili ni ghali. Na vipande vingine vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta vimekaa kabatini miaka, wenyewe walishazikwa. Kwa hivyo sawa, chuja uwezavyo, ila uandike wazi kwamba damu haikuwepo. Formalini, dawa ya kuhifadhia vipande, inayogeuza herufi C ya DNA kuwa T ni shida nyingine, nayo ina mbinu zake. Wanaosema asilimia ya usomaji, yaani sehemu ya nakala za DNA zilizosomwa zenye kibadala, itatenganisha vya kurithi na vya uvimbe, wajaribu kwenye sampuli ambayo karibu yote ni seli za saratani.

Mgonjwa aliye hai anayekuja kutolewa kipande ana mkono. Muuguzi amtoe damu siku hiyo hiyo, kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Nanyi mnaoandika bajeti za utafiti wa saratani Kisumu na Eldoret, wekeni uvimbe na damu pamoja. Fedha zikitosha wagonjwa 50 badala ya 100, chukueni hao 50.