Tukishatenganisha, taka ziende wapi?
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anatutaka watu wa Lamu tutenganishe taka majumbani. Sawa kabisa, lakini mkokoteni ukizoa chupa, pampasi na maganda ya nazi pamoja, kazi ya mama imekwenda bure. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017, ila chupa bado zimejaa ufuoni. Punda ndio wanaoumia: nimemwona mmoja akitafuna nailoni yenye ukoko wa wali, na plastiki ikiziba tumbo, mnyama hufa kwa mateso. Inauma sana! Ufundi tunao. Jahazi la Flipflopi liliundwa hapa kwa plastiki na ndala zilizookotwa, likafika Zanzibar 2019. Kaunti ituwekee vituo vya kununulia plastiki mitaani, kuanzia Langoni.