Ondoeni Mahema Shark Island

Juzi nimeona picha ya hema juu ya mwamba, nyuma yake bahari, na maneno ya kusifia machweo ya mji wa Lüderitz. Mahali penyewe ni Shark Island, Namibia. Hasira haijaniisha mpaka leo, maana pale watu wanajipumzisha juu ya kambi ya mauti.

Mwaka 1904, Namibia ikiwa koloni la Ujerumani, Jenerali Mjerumani Lothar von Trotha aliamuru kila Mherero, mtu wa moja ya makabila ya huko, atakayekutwa ndani ya mipaka ya Wajerumani, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Maelfu walikuwa wamekwisha kusukumiwa jangwa la Omaheke, visima vikalindwa wasinywe. Waliosalia, na Wanama, kabila jingine la huko, baada yao, wakaswagwa kambini. Shark Island ilikuwa na sifa mbaya kuliko zote: baridi ya Atlantiki, njaa, magonjwa, kazi za sulubu. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama aliyepambana na Wajerumani, alifia humo 1907. Tena katika kambi zile wanawake walilazimishwa kukwangua nyama kwenye vichwa vya wafu wao kwa vipande vya chupa, ili mafuvu yapelekwe Ujerumani kupimwa. Hebu mfikirie mwanamke aliyepakata kichwa cha mtu anayemfahamu. Mafuvu 20 ya kwanza yalirudishwa 2011.

Jiwe la kumkumbuka Cornelius lipo kisiwani, sikatai. Lakini jiwe lina maana gani ikiwa mgeni analipita akitafuta pa kuchomea nyama?

Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi kwa miaka 30. Haya, ni hatua. Ila viongozi wengi wa Waherero na Wanama wanalalamika kwamba serikali mbili zilielewana wao wakiwa nje ya mlango. Aliyekosewa asipokuwepo, aliyesamehe ni nani?

Na msiniambie ni mambo ya kale. Mwanasayansi Mjerumani Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, Namibia, 1908 kupima watu miili kwa nadharia zake za mbari. Mwaka 1933, Hitler akiwa madarakani, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Berlin.

Namibia imeanza kuadhimisha Mei 28 kuwa siku ya kukumbuka mauaji hayo tangu 2025, na nimefurahi kweli. Sasa kisiwa chenyewe: mahema yatoke, makaburi yatafutwe na kuwekewa alama kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kupanua bandari ya Lüderitz, na wajukuu wa waliofia pale ndio waamue nani aingie na kwa utaratibu gani.