Shemeji na chaneli ya 13

Shemeji yangu anaishi Texas, na kila akija likizo hapa kwetu Tabata lazima atengeneze kitu ambacho hakijaharibika. Mwaka jana ilikuwa zamu ya ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai.

"Waifai yenu inajikongoja," akasema, akachukua simu yangu na kuandika 192.168.1.1, anwani ya kufungulia mipangilio ya ruta. "Hebu ona, nchi imewekwa Marekani! Mko Marekani nyie?"

Akaweka Tanzania. Orodha ya chaneli, yaani njia za hewani ambazo waifai hupita, iliyokuwa ikikomea 11 ikafika 13. Majirani wote wamerundikana kwenye 6, huko 13 hakuna mtu, basi akatuhamishia huko. Haki yake tumpe: intaneti ilikimbia. Mama, ambaye taarabu yake ilikuwa ikikatika kila ubeti, akampigia mkwewe vigelegele.

Usiku, saa mbili kasoro, Shemeji akafungua laptopu aliyoinunua hukohuko Texas. Ana kikao na ofisi. Kwao ndiyo kwanza saa sita mchana. Waifai za majirani akaziona zote, hadi ya dukani kwa Mangi. Yetu haipo.

Akalaumu umeme. Akalaumu friji. Ruta ikapandishwa kabatini, ikashushwa, ikapelekwa dirishani. Nikamwonyesha simu yangu ya Kariakoo imeshika vizuri tu, akanitazama kama nimemtukania ukoo. Kesho yake ndiyo tukaelewa: Marekani waifai ya masafa ya 2.4 GHz, kama hii yetu, kwa kawaida inakomea chaneli ya 11, na laptopu nyingi za huko zinatoka kiwandani zimeshakatazwa kuvuka hapo. Katuhamishia mtaa ambao laptopu yake haina ruhusa ya kukanyaga!

Lakini usiku ule kikao kinasubiri, na simu yake iko kwa fundi kioo. Yangu kamera ilishakufa. Ikabaki ya mama.

"Shikamoo mama. Samahani sana mama, nilikuwa naomba..."

"Marahaba baba. Chukua, ila saa tatu nina kikao cha kikoba."

Akaiegemeza kwenye kopo la sukari, tai shingoni, msuli kiunoni. Wazungu wakaanza mahesabu yao. Saa tatu kamili mkono wenye hina ukapita mbele ya kamera. Shemeji angefanyaje, mama mkwe huyo! Akaiachia simu kwa mikono miwili, hata kikao hajakifunga, na ofisi nzima ya Texas ikamsikia mama akiuliza ni nani hajaleta marejesho.