Mchungwa Wangu Umeamua Kuwa Mlimau

Leo asubuhi nimeuma chungwa langu la kwanza, na mpaka sasa jicho la kushoto halijafunguka vizuri.

Nasema langu kwa sababu nimelitolea jasho. Miaka mitatu namwagilia, napalilia, nafukuza mbuzi. Miaka mitatu mgeni akifika hapeleki makalio kwenye kiti kabla sijamzungusha nyuma ya nyumba na kumwambia, "Huku ndiko shambani." Shamba lenyewe ni miti minne na kamba ya kuanikia nguo, lakini mtu mzima haulizwi ekari.

Mpapai siuzungumzii. Nimeulea kwa miezi mingi, umetoa maua yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni, nikafanya sherehe. Kumbe ni dume. Wenye akili hupanda mitatu minne shimo moja, ikichanua ndipo wanajua nani abaki na nani aondoke. Mimi nilipanda mmoja, nikauombea.

Mwembe mwaka juzi uliinama kwa maembe, mwaka jana ukapumzika, mwaka huu ukachanua mpaka nikakodoa macho, mvua ikanyesha juu ya maua, yakageuka meusi yote. Limebaki embe moja. Nalo lina kitundu, maana inzi wa matunda ameshataga humo. Nimelifukia kwenye shimo la kufika magotini, kwa heshima zote, maana ukiliacha chini ya mti funza wanaingia udongoni na kutoka inzi wapya.

Mparachichi nao una mambo yake. Ua linafunguka asubuhi likiwa jike, linafunga, kesho yake mchana linafunguka likiwa dume. Sasa hapo nani akutane na nani? Unatakiwa uwe na mparachichi wa kundi jingine, ambao asubuhi hiyo hiyo ndiyo zamu yake ya udume. Kwa hiyo natakiwa nioze miti. Haya.

Turudi kwenye mchungwa, maana ndio uliokuwa fahari yangu. Huu nilinunua mche wa kubebesha kabisa, si wa kuotesha kokwa. Ulikuwa unakwenda juu kwa kasi ya kutisha. Miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia, nikasema vizuri, unajilinda. Majani yalipoingia masizi meusi niliyaosha moja moja kwa maji ya sabuni, mama watoto ananitazama dirishani hasemi kitu. Kumbe tatizo ni sisimizi. Sisimizi wanafuga, jamani! Wanachunga vidukari juu ya mti, wanawalinda wasiliwe, wanakamua utamu wao, na ule utamu unaodondokea majani ndio unaoota ukungu mweusi. Mwenye mifugo kwenye kiwanja hiki ni sisimizi. Mimi ni kibarua wa kubeba maji.

Basi leo tunda limeiva. Kubwa, rangi nzuri, ngozi nene yenye manundu. Nikalimenya mbele ya mama watoto, nikampa heshima ya kutazama, nikauma.

Sauti niliyotoa ndiyo iliyomwita fundi bomba. Alikuwa upande wa pili anarekebisha koki yetu inayovuja. Akaja na spana mkononi, akaomba kipande, akaonja, akafumba macho yote mawili. Alipoyafungua akasema, "Boss, huu mti una tatizo la presha. Maji yanapanda haraka, sukari inabaki chini."

Sikuwahi kusikia mtu akiupima mti kama tangi. Lakini kabla sijajibu, mzee jirani alikwishachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Nikamweleza. Akazunguka akaingia getini na mjukuu wake, na mama anayetuletea mboga, aliyekuwa anapita zake, akaingia nyuma yao na beseni kichwani. Mzee akachukua tunda, akalinusa, akalikata kwa kisu chake cha mfukoni, akahesabu mbegu kwa sauti. Alipofika kumi na tisa akaacha.

"Nyuki," akasema. "Nyuki ametoka kwenye mlimau wa watu akaja kukaa kwenye ua lako. Umeharibiwa mtoto."

"Mzee, chavua inaingia kwenye mbegu. Nyama ya tunda haibadiliki kwa sababu ya nyuki."

"Wewe umeuma au hujauma?"

Nikanyamaza. Aliyeuma hana hoja.

Mama wa mboga akatua beseni. Akasema dawa ya mti mkaidi ni misumari mitatu, unaipigilia shinani, mti unaona aibu. Fundi akasema misumari anayo, ila ni ya bati. Mzee akasema misumari ni ushamba, mti unachapwa kwa ubapa wa panga alfajiri kabla haujaamka vizuri. Mama watoto, ambaye siku zote nilimdhania yuko upande wangu, akauliza kama tukimwagia maji ya sukari. Wakaanza kubishana sukari kiasi gani. Mimi, mwenye mti, mwenye shamba, mwenye jicho lililofumba, nikajikuta nimeshikishwa beseni la mchicha ili mama wa mboga apate mikono ya kuelezea.

Katikati ya bunge hilo yule mjukuu, mtoto wa darasa la nne, alikuwa amechuchumaa shinani anachokonoa kwa kijiti.

"Babu, hapa palikuwa na mti mwingine?"

Hakuna aliyemsikia. Akarudia.

Tukainama wote. Kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini shina lina kovu, limepinda kama goti. Juu ya hilo goti kuna kisiki kikavu, kifupi, kimekatwa kwa msumeno, tena vizuri, kwa mshazari ili maji yasituame. Na chini ya goti, kwa pembeni, ndiko limetokea lile shina nene lenye miiba lililokwenda mpaka juu.

Mzee akafikicha jani kwenye kiganja, akanisogezea puani. Limau tupu.

"Mche wa kubebesha," akasema taratibu, kama hakimu anayesoma hukumu, "mizizi ni ya limau kali, chungwa limepandishwa juu. Chochote kinachochipua chini ya kiungo ni limau. Hicho hung'olewa kikiwa kichanga. Sasa hapa kuna mtu amekata chungwa akaacha limau."

Kimya. Tone la koki likasikika kule upande wa pili.

"Baba watoto," mama watoto akaanza, kwa ile sauti, "si ndiyo siku ile uliyoniita nije nione namna ya kupogoa?"

Ndiyo. Ndiyo siku ile. Mwaka jana nilisimama hapo hapo na msumeno mpya, nikamweleza kwamba mkulima hana huruma, anaondoa dhaifu anaacha wenye nguvu. Palikuwa na mashina mawili, moja jembamba, pole, halina haraka, na jingine limenona. Nikakata lile pole. Alinipigia makofi, huyu huyu. Nami mwaka mzima nimekuwa nawapa watu mawaidha ya kupogoa, kuna jamaa mmoja ofisini amekwenda kukata kwake. Sijui nimkwepe vipi kesho.

Mzee akasema si neno, mizizi bado mizima, tunabebesha upya. Unachana gome kwa umbo la herufi T, unapachika jicho, yaani kichipukizi, la mchungwa uliozaa matunda mazuri, unafunga na plastiki kwa wiki tatu hivi. Jicho likishika unakata limau lote la juu. Akafungua tena kile kisu cha mfukoni, ambacho jana nilimwona anachokonolea kucha za mguu, akakipangusa kwenye suruali.

"Ninachohitaji," akasema, "ni jicho moja tu zima."

Nikamwambia hata mimi.

Wakacheka wote, mpaka mtoto. Mama wa mboga akachuma malimau manane, akasema mti ukikosea usiadhibiwe kwa njaa. Fundi akachuma matano ya kikohozi, akafunga begi lake la spana, akanishika mkono kwa huzuni ya kweli kabisa. Amefika getini ndipo nikakumbuka.

"Fundi, na koki?"

"Ah, boss, ile mpaka kesho. Leo si tulikuwa shambani?"

Ameshika hela ya siku nzima. Koki inadondosha hivi ninavyoandika, nimetega ndoo, na mama watoto ameuliza tu, kwa upole, kama hayo maji nayo nataka kuyapogoa.