Eksirei ya mfupa: picha kali au dozi ndogo?

Ukikaa na watu wa chumba cha eksirei utasikia ubishi uleule kila siku, bingwa anayesoma picha anataka picha safi isiyo na chenga hata moja, msimamizi wa usalama wa mionzi anasema punguzeni dozi, na radiografa, yule anayepiga picha, yupo katikati na foleni ya majeruhi wa bodaboda imefika hadi koridoni. Wote wana hoja. Ila mi naona wanabishania pembeni ya jambo lenyewe, maana picha haiwi nzuri hivihivi tu, inakuwa nzuri kwa swali fulani, na hilo swali mara nyingi halijaandikwa hata kwenye fomu.

Tuanze na wanaotaka picha kali. Chenga zinakuja pale mionzi inayofika kwenye detekta, yaani sahani inayopokea mionzi na kutoa picha, ni kidogo, na gharama ya kuziondoa ni kubwa, ukitaka zipungue nusu inabidi umwage mionzi mara nne. Sasa kuna sehemu hupaswi kubania kabisa. Kijana kaanguka kwenye pikipiki akajizuia kwa kiganja, anaumia chini ya kidole gumba, hapo kuna kamfupa kanaitwa skafoidi na damu yake kubwa inaingilia upande wa vidoleni ikirudi kuelekea mkononi, so ufa usipoonekana kile kipande cha upande wa mkono kinaweza kufa na mtu akabaki na kifundo kibovu maisha yake yote. Na dozi ya picha moja ya mkono ni kama 0.001 mSv tu (milisivati, kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), wakati mionzi ya asili tunayopata bila kwenda hospitali ni wastani wa 2.4 mSv kwa mwaka duniani, yaani picha hiyo ni sawa na masaa matatu manne ya kuishi. Kubania hapo ni ubahili usio na faida kwa mtu yeyote. Hivyohivyo mtoto mchanga anayehisiwa anapigwa nyumbani, kinachotafutwa ni vipande vidogo sana kwenye ncha za mifupa na mbavu zilizoanza kuunga, ukimpiga picha zenye chenga kwa kumwonea huruma ya mionzi unaweza ukamrudisha kwa anayempiga.

Lakini mifupa haifanani jamani. Picha za kiuno zinafika kama 1.5 mSv kwa mtu mzima, hapo tunaongelea miezi saba na zaidi ya mionzi ya asili, na katikati ya picha kuna matumbo, kwa mwanamke na ovari. Na kuna kisa kinachowapa watu wa usalama nguvu ya kuongea: Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliokuwa na skoliosi, yaani uti wa mgongo kupinda kwenda pembeni, waliogundulika kati ya 1912 na 1965. Kwa wastani kila mmoja alipigwa picha karibu 25 kipindi anakua, na majibu yaliyotoka mwaka 2000 yakaonyesha vifo vya saratani ya matiti kwao viko juu kuliko kwa wanawake wengine. Mashine za wakati ule zilikuwa zinamwaga mionzi kuliko za leo, sawa, lakini ona dawa yake ilivyo rahisi: mgeuze binti mionzi iingilie mgongoni badala ya kifuani, dozi ya matiti inashuka mara kadhaa na pembe ya mgongo unaipima vilevile. Haina gharama yoyote. Na picha za kufuatilia zikiwa na chenga kidogo shida iko wapi, si unapima pembe tu?

Kinachonisumbua zaidi ni hizi mashine za dijitali. Zamani kwenye filamu ukizidisha mionzi picha inatoka nyeusi tii, kila mtu anaona umeharibu. Sasa hivi programu inasawazisha mwanga yenyewe, ukizidisha mara mbili picha inatoka nzuri zaidi na bingwa anakusifia, ukipunguza sana zinatokea chenga unaambiwa rudia. Radiografa ni binadamu, atajifunza kuweka juu kidogo, kesho juu kidogo tena, na hakuna anayelalamika maana mgonjwa haoni. Kuna namba inayotokea pembeni ya picha kwenye mashine nyingi za sasa inayosema umepotoka kiasi gani na lengo, ikiwa +3 detekta imepokea mara mbili ya inavyotakiwa, ikiwa -3 imepokea nusu. Mashine kuwa na kibali cha wasimamizi wa mionzi, TAEC kule Tanzania au KNRA Kenya, ni jambo la lazima, ila kibali hakikai chumbani saa nane usiku kuangalia hiyo namba. Lazima aiangalie mtu wa palepale, na lengo lenyewe liwe limewekwa kwa akili, sio lile lililokuja na mashine kutoka kiwandani.

Kuna njia ya kati ambayo mafundi wanaijua, unapandisha kV (nguvu ya mionzi kupenya) kwa asilimia 15 na unakata mAs (wingi wa mionzi) nusu. Picha ya kiuno ya kutokea pembeni iliyokuwa 80 kV na 40 mAs inaenda 92 na 20, detekta inapata karibu kilekile na dozi ya ngozi inashuka kama theluthi. Unachopoteza ni ule ukali wa nyeupe na nyeusi, kwa hiyo kwenye nyonga iliyovunjika wazi haina neno, kwenye ufa mwembamba kama unywele mi nisingethubutu.

Halafu kuna pale ambapo pande mbili hazigombani kabisa na bado tunashindwa. Kufunga boksi la mwanga libane eneo linalotakiwa kunapunguza dozi na picha inakuwa kali zaidi, kwa sababu mionzi inayotawanyika inapungua. Kuwaacha watu wakirudia picha kwa sababu ya mkao mbaya, hiyo ni dozi mara mbili kwa swali moja. Ila bado unakuta picha ya goti ina nusu ya paja ndani yake.

Turudi kwenye fomu. Ikija imeandikwa "x-ray mguu" basi, radiografa atajilinda, atapiga kila kitu kwa ubora wa juu, na bingwa anayesoma akiwa mji mwingine hawezi kumshika mgonjwa aone panauma wapi, kwa hiyo naye anadai picha safi na mi simlaumu. Ikija imeandikwa "wiki ya sita, P.O.P, tunaangalia kama mfupa umekaa mstari mmoja", yaani mguu uko kwenye plasta, hapo hata nusu ya dozi inatosha na hakuna wa kubisha. Maneno kumi ya daktari wa wodini yangepunguza mionzi kuliko semina nyingi, na sijui kwanini hadi leo fomu isiyo na maelezo inapokelewa dirishani.