Bastola Ikikwama, Mkono Hausahau

Risasi 5, sekunde 10, mkono mmoja, yadi 25. Hiyo ndiyo duru ya kasi katika shabaha ya bastola ya Kimarekani, mchezo ambao huku Ohio una wazee wake kama bao lilivyo na wazee wake Tanga. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu nikavuta, kimya. Ganda tupu lilikuwa limebanwa kwenye mlango wa kutokea maganda, limesimama kama jino lililogoma kung'oka.

Kanuni zina huruma: bastola ikikwama unainua mkono, msimamizi anakuja kuangalia, unapewa nafasi ya kurudia. Nikarudia, na alama hazikuwa mbaya. Kilichonisumbua kilikuja baadaye. Kwa wiki tatu, kila nikifika risasi ya tatu kidole kilisita. Nilikuwa navuta huku nasikiliza, kama mtu anayepanda ngazi iliyowahi kumwangusha. Risasi za tatu zote zikawa zinatua chini kushoto, na mimi ni mtu wa mkono wa kulia. Mwalimu yeyote wa shabaha atakwambia maana yake: unakistua kifyatulio kwa hofu.

Ndiyo maana nikisoma ulinganisho wa bastola za shabaha siku hizi nakunja uso. Waandishi hupenda jedwali: huku kutokwama, huku ushikaji, kila safu na nyota zake, kisha wanajumlisha. Kwangu hivyo si vitu viwili. Bastola usiyoiamini haishikiki vizuri hata mpini wake ukichongwa na fundi wa milango wa Zanzibar.

Nazungumzia bastola za .22, zile za risasi ndogo, zinazojikoki zenyewe, za bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuifikia. Hapa Marekani mazungumzo hayo aghalabu huishia kwa mbili, Ruger Mark IV na Browning Buck Mark. Zinafanana kama watoto wa mtu na ndugu yake. Mtutu wa kila moja umetulia palepale; kinachokwenda na kurudi ni kipande cha nyuma tu, kiitwacho bolti. Magazini ya kila moja inabeba risasi 10. Na zote mbili zinapiga vizuri kuliko mimi ninavyoweza kushika, kwa hiyo habari ya usahihi wa mtutu naiacha kwa wenye mikono ya chuma.

Ruger ndiyo yenye ukoo mrefu. Kampuni ilianza 1949 kwa bastola moja tu, ikiuzwa dola 37.50, na ule mpini uliolala kama wa Luger ya Wajerumani bado upo kwenye Mark IV ya kawaida. Fumba macho, nyoosha mkono, fumbua. Kuna watu mtutu wanaukuta katikati ya shabaha, na kuna watu wanaukuta unatazama dari. Ni kifundo cha mkono tu, hakuna mshindi hapo. Wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wanatengeneza pia 22/45, yenye mpini uliosimama kama wa Colt 1911.

Aibu yake ya zamani ilikuwa kuifungua. Mark I, Mark II na Mark III zilikuwa na sifa moja dunia nzima: kuzivunja ili uzisafishe ni kazi, kuzirudisha ni mtihani. Nyundo ya ndani lazima ianguke upande wake, uigeuze bastola juu chini, uinamishe, uombe dua. Mafundi bunduki wana vichekesho vyao kuhusu wateja waliowaletea Ruger ikiwa vipande ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka 2016 ikaja Mark IV, na ndani yake kitu kidogo kilichobadilisha kila kitu: kitufe nyuma ya fremu. Bonyeza, sehemu ya juu inainuka kama kifuniko cha sanduku, bolti inatoka.

Lakini ukinunua iliyokwisha kutumika, angalia namba yake kwanza. Juni 2017 Ruger yenyewe iliwaita wenye Mark IV zilizotengenezwa kabla ya mwezi huo wazirudishe. Kitasa cha usalama kikiachwa katikati na kifyatulio kikavutwa, risasi ingeweza kutoka pale kitasa kinaposogezwa. Zilirekebishwa bila malipo, ila hujui kama aliyekuuzia alijisumbua kuipeleka.

Buck Mark ilitoka 1985. Dukani, ikiwa mkononi mwako dakika tano tu, itakushinda moyo. Ya kawaida haifiki kilo 1, wakati Mark IV ya shabaha ya chuma kisichoshika kutu, yenye mtutu mnene, ina kama kilo 1.2. Kifyatulio chake kinakatika kama kijiti kikavu, bila kujikokota, tangu ikiwa kwenye boksi. Cha Ruger kina mwendo mdogo wa uvivu kabla ya kuachia, na watu wengi huishia kuagiza vipuri vya Volquartsen kutoka Iowa. Kanuni za mchezo zinataka uzito wa kuvuta kifyatulio cha .22 usipungue pauni 2, kwa hiyo ukikirekebisha usije ukapitiliza.

Sasa ifungue hiyo Buck Mark. Unahitaji ufunguo wa pembe sita, unatoa skrubu mbili za juu, na ukanda uliobeba kilengeo cha nyuma unatoka pamoja nazo. Ukirudisha lazima ukaze sawasawa, vinginevyo zinalegea taratibu na kilengeo kinahama bila kukuaga. Wazoefu wanatia tone la gundi ya skrubu. Si kazi ngumu. Ila ni kazi ambayo mtu aliyetoka zamu saa nne usiku ataiahirisha mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo ataiahirisha tena.

Hapo ndipo .22 inapokuadhibu. Risasi hii haina huruma kwa wavivu. Kitako chake kina ukingo uliotokeza, na ndani ya magazini ukingo wa moja ukikaa nyuma ya mwingine zinang'ang'aniana. Kichwa chake ni madini laini ya risasi yaliyopakwa nta au mafuta, nayo yanaacha utando ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Nguvu ya kurudisha bolti ni ndogo, hivyo uchafu kidogo tu unatosha kuipunguzia mwendo, ganda likashindwa kuruka nje. Ongeza kifundo kilicholegea, kwa kuwa bolti inahitaji mkono imara wa kuegemea, na una kila sababu ya kukwama bila kumlaumu mhandisi yeyote.

Kuna Smith & Wesson Model 41 pia, ipo tangu 1957, nzuri kuangalia, nzito, na bei yake inazidi maradufu ya hizi. Wenye nayo hukuonya mapema kwamba inachagua risasi. Mimi nina watoto wanaosoma, nikapita.

(Mama, nilipomweleza kwa simu kwamba Jumamosi nilikuwa nalenga shabaha, aliniuliza, "Mwanangu, umeajiriwa polisi?" Kwetu bastola ni ya askari au ya tajiri mwenye hofu. Nilimwambia ni karatasi tu, mama, tunatoboa karatasi. Akanyamaza kidogo, akasema basi nunua kekee.)

Nilichukua Mark IV. Mkono wangu uliipenda zaidi Buck Mark, sifichi. Lakini bastola ninayoifungua kwa kitufe kimoja naisafisha kila nikirudi nyumbani, na niliyoisafisha jana usiku naishika leo bila kusikiliza. Kile kifyatulio chake kivivu nimekizoea kwa miezi miwili. Hofu ya risasi ya tatu sikuwahi kuizoea.

Ile iliyonikwamia haikuwa hata moja kati ya hizi. Ilikuwa bastola ya kuazima ya klabu, na niliitangaza kwa kila aliyenisikiliza kuwa ni takataka. Mzee mmoja wa pale, ambaye huongea mara chache, aliniomba niazime rangi ya kucha ya mke wangu. Tukaandika 1, 2 na 3 chini ya magazini tatu za bastola ile, tukapiga risasi 100 kwa kila moja, kutoka boksi la aina ileile, na kila ikikwama anaweka alama kwenye karatasi. Namba 1, hakuna. Namba 3, mara moja. Namba 2, mara kumi na moja. Midomo ya magazini hiyo, ile kingo ya juu inayoshikilia risasi, ilikuwa imepinda upande mmoja, kiasi cha unene wa ukucha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema nilikuwa nazungumza.