Vijana wa muziki wa chemba: wapande jukwaani mapema au wakae kwanza mazoezini?

Vijana wanne wameketi nusu duara: fidla mbili, viola (ndugu mkubwa kidogo wa fidla) na selo (ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito). Wamekuja kufanya mazoezi ya kazi ya Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, lakini dakika 20 zimepita na bado wanahangaika na tuni. Kila mmoja amelinganisha nyuzi zake, na akipiga peke yake husikii kosa. Tatizo linaanza mpiga selo anapopiga uzi wake wa chini kabisa huku mwenzake wa fidla akipiga uzi wake wa juu kabisa. Sauti hizo mbili zinakwaruzana. Wanasimama, wanaangaliana, wanarudia, na bado zinakwaruzana.

Nilikuwa nimekaa pembeni, na nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyekuwa amekosea. Ukianza na Do ya chini ya selo, ukapanda kwa kuruka noti tano tano kila mara, kila mruko ukiwa safi, So, Re, La, hadi Mi ya juu ya fidla, utajikuta umefika juu zaidi ya ile Mi inayotulia vizuri na Do yako. Tofauti yake ni karibu sehemu moja ya tano ya nusutoni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya vitufe viwili vya piano. Ni kidogo sana, lakini sikio haliisamehi. Kwa hiyo wapigaji hulazimika kupatana: selo akaze Do yake ipande kidogo, na wenzake wabane nafasi zao kidogo kidogo, kila mmoja aache sehemu ya usahihi wake ili wanne wasikike kitu kimoja.

Huo ndio muziki wa chemba. Kundi ni dogo, kila sauti ina mpigaji wake mmoja, na hakuna mwongozaji wa kuwapungia mkono. Mwaka 1829 mwandishi Mjerumani Goethe alimwandikia rafiki yake Zelter kwamba kusikiliza kundi la namna hiyo ni kama kusikiliza watu wanne wenye akili wakizungumza. Ni sifa nzuri, na kwa kijana aliyetumia utoto wake wote akifunzwa kupiga peke yake, ni kazi ngumu. Amezoea kusema. Sasa anatakiwa ajifunze kusikiliza huku anasema.

Swali linalowagawa walimu na waandaaji wa maonyesho ni namna ya kumfikisha huko. Wako wanaosema vijana wapewe muda, wafungiwe chumbani na kazi moja mpaka iive, jukwaa litawakuta tu. Wengine wanasema mpigaji huivia jukwaani, na kila mwezi anaoukawiza ni mwezi uliopotea. Nimewasikia wa pande zote mbili wakiongea kwa uchungu wa kweli, na kila upande una jambo la maana.

Nianze na wa chumbani. Mfano wao mkubwa ni Marlboro, kule Vermont, Marekani, mahali palipoanzishwa mwaka 1951 na kundi la wanamuziki akiwamo mpiga piano Rudolf Serkin na mpiga fidla Adolf Busch. Kila kiangazi, kwa wiki 7, wanamuziki wakongwe na vijana waliotoka vyuoni juzi tu huishi pamoja na kufanya mazoezi pamoja. Mkongwe hakai kwenye kiti cha mwalimu. Anashika ala yake na kuingia ndani ya kundi, na si ajabu kumkuta akipiga fidla ya pili huku kijana akiongoza. Ratiba ya maonyesho haipangwi miezi kabla. Kundi likiona kazi imeiva, inaingizwa kwenye programu siku chache kabla ya onyesho. Isipoiva, haipigwi hadharani, wala halihesabiwi kuwa kosa. Kazi nyingi zinazofanyiwa mazoezi pale hazifiki jukwaani kabisa.

Faida ya mkongwe kuwa ndani ya kundi haionekani kwa urahisi mpaka umeona inavyofanya kazi. Mwalimu aliye nje husema, "Hapo mmechelewa kuingia." Mkongwe aliye ndani hasemi kitu. Anavuta pumzi kabla ya noti, na kijana aliye kando yake anaisikia ile pumzi na kujua noti itakuja nzito au nyepesi, itakuja lini. Maarifa haya hayaandikiki kwenye karatasi. Marlboro ndiko wapigaji wanne wa kundi la Guarneri walikoungana mwaka 1964, wakaendelea kupiga hadi 2009 wakiwa wamebadilisha mtu mmoja tu. Sidhani kundi linalodumu miaka 45 hujengwa kwa haraka za programu.

Upande huu una ushahidi wa zamani zaidi pia. Machi 1825, mjini Vienna, Ignaz Schuppanzigh na wenzake walipiga kwa mara ya kwanza kazi mpya ya Beethoven kwa ala nne, Opus 127 (“opus” ni namba ya kazi katika orodha ya mtunzi). Schuppanzigh hakuwa mwanafunzi. Ndiye aliyekuwa ameufahamu mtindo wa Beethoven kwa miaka mingi kuliko karibu mpiga fidla mwingine yeyote. Lakini muda wa mazoezi ulikuwa mfupi mno, kazi ilikuwa ngeni masikioni, na onyesho likaharibika. Wasikilizaji walitoka wamechanganyikiwa. Kama mkongwe wa aina ile aliweza kuangushwa na uhaba wa mazoezi, tunamtakia nini kijana wa miaka 22 tunapompa kazi hiyo hiyo na wiki tatu?

Hoja hiyo ina nguvu, nami kwa miaka nilikuwa mfuasi wake bila maswali. Kilichonitikisa ni Haydn.

Wale vijana wanne niliowataja walikuwa wanajifunza Opus 33 namba 2, kazi ya mwaka 1781 inayojulikana kwa mwisho wake wa mzaha. Wimbo mkuu wa sehemu ya mwisho unarudi, lakini sasa Haydn anaukatakata vipande vinne na kuweka kimya kati ya kipande na kipande. Kisha kinakuja kimya kirefu zaidi, kirefu kiasi kwamba msikilizaji anaamini kazi imekwisha. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, kile kipande cha kwanza kinapigwa tena. Na hapo ndipo inakwisha kweli, imeachwa nusu, kama mtu aliyeanza sentensi akaondoka.

Sasa jiulize: kimya kile kinafanyiwaje mazoezi chumbani? Vijana wangu walikihesabu. Walitingisha vichwa, moja, mbili, tatu, wakaingia pamoja bila kosa lolote. Walifanya hivyo kwa wiki kadhaa, na kila mara kilikuwa kimya kilichokufa, kwa sababu hakikuwa na mtu wa kudanganywa. Kimya kile kinaishi kwenye viti vya wasikilizaji: yule anayeinua mikono apige makofi, yule anayemgusa jirani yake, yule anayeanza kucheka. Bila wao, kazi ya Haydn haijakamilika. Haydn aliacha nafasi ya mpigaji wa tano, naye ni ukumbi.

Hapa watetezi wa jukwaa wana haki yao. Wanasema pia kwamba mazoezi yasiyo na tarehe yana ugonjwa wake. György Kurtág, mtunzi wa Hungaria aliyefundisha muziki wa chemba kwa miaka mingi katika Chuo cha Muziki cha Liszt mjini Budapest, anajulikana kwa kukaa muda mrefu mno kwenye vipimo vichache tu vya nota. Mikononi mwa mtu kama yeye hiyo ni neema. Mikononi mwa vijana wanne wasio na mtu wa kuwaamua, inakuwa mabishano. Nimeona kundi likitumia jioni nzima kubishana kama upinde uinuliwe au ubaki kwenye uzi mwishoni mwa noti moja, na walipoondoka hawakuwa wanasalimiana. Onyesho la kesho lingewalazimisha kuchagua, kujaribu, na kujua.

Mashindano huwapa tarehe hiyo, na hapa nitapita haraka kwa sababu yamejadiliwa sana. Yale ya Banff, Kanada, yaliyoanza mwaka 1983, hukusanya makundi 10 kila baada ya miaka 3, na kuyataka yaandae programu kadhaa zikiwamo kazi za kale na kazi mpya kabisa iliyoandikwa kwa ajili ya shindano. Kundi linalojiandaa kwa hayo hukua, washinde wasishinde. Ubaya wake ni kwamba mbele ya majaji kijana hujifunza kutokosea, na kutokosea si sawa na kuzungumza. Wengi huanza kupiga kama wanajaza fomu.

Ninavyoona mimi, pande zote mbili zinabishania jambo la pili na kuliacha la kwanza. Shida ya makundi machanga si uhaba wa mazoezi peke yake wala uhaba wa jukwaa peke yake. Shida ni kwamba hupiga kazi mara moja. Mpangilio uliozoeleka ni huu: miezi mitatu ya kujifunza, onyesho moja, makofi, picha, kisha nota zinafungwa na kazi nyingine inafunguliwa. Kijana anamaliza masomo akiwa na orodha ndefu ya kazi "alizopiga", na kila moja aliipiga siku ile ambayo mikono ilikuwa inatetemeka na masikio yalikuwa yamejaa hofu. Mara ya pili, ile ambayo angeanza kuwasikia wenzake na kuusikia ukumbi, hakuipata.

Rudi Vienna uone kilichofuata baada ya lile onyesho lililoharibika. Beethoven alikasirika, akaipeleka kazi kwa mpiga fidla mwingine, Joseph Böhm, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 30. Mazoezi yalifanyika mbele ya mtunzi mwenyewe. Beethoven alikuwa kiziwi wakati huo, hivyo alikaa kwenye kona na kufuata pinde kwa macho, na kwa kuangalia mwendo wa pinde tu aliweza kujua mabadiliko madogo ya kasi. Böhm alisimulia baadaye kwamba kuna mahali karibu na mwisho ambapo nota zilitaka kasi ipungue, naye akawashauri wenzake wasipunguze. Beethoven alitazama, na walipomaliza alisema ibaki hivyo, akaenda kwenye nota na kulifuta agizo lake.

Watu wa chumbani husimulia kisa hiki kama ushindi wao: tazama mazoezi yalivyookoa kazi. Lakini kisa hakikuishia mazoezini. Böhm aliipiga Opus 127 hadharani, kisha akaipiga tena, na wakati mmoja ilipigwa mara mbili katika jioni moja kwa wasikilizaji wale wale. Wiki chache tu baada ya kuchanganya watu, kazi ile ile ilikuwa inashangiliwa. Mazoezi yalifanya sehemu yake na marudio hadharani yakafanya sehemu yake, kwa wapigaji na kwa wasikilizaji pia, maana nao walikuwa wanajifunza.

Ndiyo maana nikiulizwa leo nitoe ushauri kwa chuo au mwandaaji mwenye fungu dogo, nasema hivi: punguza idadi ya kazi kwa nusu, na kila kazi iliyobaki ipewe tarehe nne, zikiachana kwa wiki moja au mbili. Tarehe hizo zisiwe zote za ukumbi mkubwa. Jina lenyewe linakuambia muziki huu ulizaliwa chumbani, na watu 30 waliokaa karibu kiasi cha kusikia pumzi za wapigaji wanafundisha zaidi ya watu 500 walio gizani. Kati ya onyesho na onyesho wanne hao warudi mazoezini, na angalau mara moja mkongwe aingie ndani ya kundi na ala yake badala ya kusimama mbele na penseli.

Najua pingamizi lake, na si dogo. Mwandaaji anaishi kwa programu mpya. Atakuambia hawezi kumuuzia mtu tiketi ya kazi aliyoisikia wiki iliyopita. Mwalimu anapimwa kwa idadi ya kazi alizofundisha. Vijana wenyewe wana njaa ya kupiga kila kitu, na njaa hiyo ni nzuri, sitaki kuizima. Zaidi ya yote kuna riziki. Okestra inaajiri, ina mshahara wa mwezi, na muda anaoutumia kijana kupiga Haydn mara ya nne ni muda ambao mwenzake anajifua kwa ajili ya usaili. Sina jibu la hilo lisilohitaji mtu mwenye fedha aamini kwamba marudio ni mafunzo na kuyalipia kama mafunzo.

Wale wanne walipata tarehe tatu. Ya kwanza walihesabu kimya cha Haydn kama walivyofanya chumbani, na hakuna aliyecheka. Ya pili watu wawili walipiga makofi mapema, na yule binti wa fidla ya kwanza akashtuka, akaingia kabla ya wenzake. Ya tatu, kwenye chumba chenye viti visivyozidi 40, alishusha upinde hadi magotini, akamtazama mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele, akangoja. Mzee akaanza kutabasamu. Bado akangoja. Ndipo akainua upinde, na wenzake watatu wakainua pamoja naye bila mtu kutingisha kichwa, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Waliomba tarehe ya nne. Ilipopatikana, mpiga viola alikuwa amesafiri kwenda kwenye usaili wa okestra.